Nyumba za Kupangisha kwa Mwenye Mshahara (Sehemu ya Pili): Rukanga, Maungu au Voi?

Juma lililopita tulizungumzia akiba ya sacco na muda unaochukua kufikia kiwango cha kukopa. Leo twende kwenye ardhi yenyewe. Walimu na wauguzi waliozaliwa chini ya mlima Kasigau huuliza swali moja: vyumba vya kwanza nivijenge wapi? Nyumbani Rukanga, Maungu kwenye barabara kuu, au Voi mjini?

Mimi nasema Voi, ingawa najua jibu hilo halitawafurahisha wazee wanaotaka kila aliyesoma aanze kwa kujenga kwao. Kujenga kwenu ni jambo la heshima, na lina wakati wake. Lakini kodi hutoka kwa mtu mwenye sifa mbili kwa pamoja: anapata riziki mahali hapo, na hana kwao hapo. Rukanga watu wengi wana kwao. Anayetafuta chumba ni mwalimu aliyehamishwa kutoka Kisii au Makueni, muuguzi wa kituo cha afya, polisi, au kijana aliyeletwa na mradi. Hao ni wapangaji wazuri sana, kwa sababu mshahara wao haukatiki. Tatizo ni uchache wao. Jirani akiwahi kumaliza vyumba vinne kabla yako, vyako vitabaki kuwa makao ya popo hadi mwalimu mwingine aletwe. Ukitaka kujenga Rukanga, basi jenga vyumba viwili, uongee na mwalimu mkuu kabla ya kuchimba msingi, wala usimsikilize anayekuambia kijiji kinakua.

Maungu ni habari nyingine. Pale njia ya Kasigau inakutana na barabara ya Mombasa na Nairobi, na jirani yake ni Rukinga, kwenye makao ya Wildlife Works. Mradi wao wa kuhifadhi misitu ya ukanda wa Kasigau ulianza kutoa hati za hewa ya ukaa mwaka 2011, na umeajiri askari wa wanyamapori, washonaji na wafanyakazi wa ofisi. Wengi wao wanahitaji chumba karibu na kazi. Lakini mwenye ploti Maungu anaegemea nguzo mbili ambazo hana uwezo nazo. Ya kwanza ni bei ya hewa ya ukaa, ambayo mwaka 2023 ilishuka duniani kote. Ya pili ni malori. Serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba makasha ya Nairobi yasafirishwe kwa reli ya SGR, miji ya barabarani ililalamika, kwa kuwa dereva asiyepita halali wala hali chakula. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022. Aliyejenga kwa mkopo katikati ya miaka hiyo alijifunza kwamba kodi yake inaamuliwa na watu wa Nairobi ambao hata hawajui Maungu iko upande gani.

Voi ina wapangaji wa kila aina. Kuna hospitali ya rufaa ya Moi, mahakama, mabenki, shughuli za Tsavo Mashariki, kituo cha SGR kilichofunguliwa mwaka 2017, na barabara inayokwenda Mwatate hadi Taveta na mpaka wa Tanzania. Chumba kikiachwa na karani wa benki, kitachukuliwa na mwanafunzi au fundi wa umeme. Hii ndiyo faida kubwa ya mji kwa mtu anayeshinda kazini: hana muda wa kutafuta mpangaji, kwa hiyo anahitaji mahali ambapo mpangaji anamtafuta yeye.

Anayekuja kutafuta chumba Voi hataangalia vigae kwanza. Atafungua mfereji. Bomba la chemchemi za Mzima linapita katika kaunti hii likipeleka maji Mombasa, na bado mitaani Voi utaona mitungi ya lita 20 imepangwa foleni. Ploti yenye tangi la lita 5,000 lililoinuliwa vizuri haikai na chumba kitupu kwa muda mrefu, hata kama rangi yake imefifia. Kisha atatazama juu. Joto la Voi la Januari na Februari ni kali, na chumba chenye mabati ya chini bila dari hugeuka tanuri kufikia saa nane mchana. Mwambie fundi aongeze safu mbili za matofali na aache matundu ya hewa juu ya dirisha. Atakuambia ni gharama ya bure. Gharama ya kweli ni mpangaji anayehama kila mwaka msimu wa joto ukifika. Na kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya umeme. Ugomvi wa tokeni, nani ana friji na nani ana balbu moja tu, umewavunjia watu ujirani kuliko kodi yenyewe.

Watu wa pwani walikuwa na jibu la haya kabla ya vitabu vya uwekezaji. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, Mombasa, ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Alijua nani ameingia usiku, na hakulipa kodi kwa mtu mwingine. Mwalimu wa Rukanga aliyehamishiwa Voi na anayelipa kodi kila mwezi angefaa kuufikiria mtindo huo. Akijenga vyumba vinne na kuingia katika kimoja, kodi aliyokuwa akiitoa inabaki mfukoni, na yeye mwenyewe ndiye mlinzi wa ploti. Wengi huona haya kuchangia ua na wapangaji wao. Haya hiyo ni ghali.

Mombasa hiyohiyo imetupa onyo pia. Kuna mtindo wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, udongo ni wa mwingine, na unamlipa kodi ya kiwanja. Vizazi viwili vinaweza kuishi hivyo kwa amani, kisha kiwanja kikauzwa na nyumba ikabaki haina pa kusimama. Voi na Maungu hatuuiti jina hilo, lakini tunaufanya kila siku tunapojenga juu ya maneno ya mdomo au juu ya barua ya ugawaji pekee.

Hapa ndipo ningependa msomaji akawie. Takriban asilimia 62 ya kaunti yetu ni mbuga za Tsavo, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge. Ardhi ya mtu binafsi yenye karatasi safi ni chache, na uchache huzaa ujanja. Watu wa Kasigau hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili: mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na hawakurejea hadi miaka ya 1930.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili ambazo kila mnunuzi wa ploti anapaswa kuzijua. Katika kesi ya Torino Enterprises ilisema kwamba barua ya ugawaji peke yake si hatimiliki. Masharti yake yasipotimizwa, anayeishika hana cha kumuuzia mwingine. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, ilisema kwamba hata hatimiliki haimkingi mnunuzi ikiwa ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Maana yake kwako ni kwamba sachi ya kawaida ya ardhi, inayoonyesha mwenye ardhi wa sasa, haitoshi. Mwambie wakili afuatilie historia yote: nani aligawiwa kwanza, kwa utaratibu gani, na kama palikuwa mahali pa barabara au pa umma. Ikiwa ni shamba, idhini ya bodi ya ardhi ni lazima. Na kama muuzaji ana mke au mume, hakikisha ameridhia kwa maandishi.

Ploti ya bure nayo ina mtego wake. Unaambiwa, mwanangu, jenga kwenye kipande cha baba. Lakini hati bado ina jina la babu aliyefariki, na mirathi haijafunguliwa. Siku ndugu watakapogawana, vyumba vyako vitahesabiwa kuwa mali ya familia, na risiti za saruji hazitakuwa na mtu wa kuzisikiliza. Fungueni mirathi kwanza. Inachosha, lakini hukai barazani kwa mzee ukigombana na dada yako.

Sasa pesa. Nguvu ya mwajiriwa ni hati yake ya mshahara, na sheria imeiwekea mpaka: kwa Sheria ya Ajira ya 2007, makato yote hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Makato ya lazima yamekuwa yakiongezeka. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 humpunguzia anayelipwa 60,000 shilingi 2,550 kila mwezi, mbali na kodi ya mapato na NSSF. Aliyepiga hesabu ya mkopo miaka mitano iliyopita aipige upya.

Tuchukue mfano wa mkopo wa 600,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalopungua, kwa miezi 48. Malipo ni kama 15,800 kwa mwezi. Vyumba vinne vya 4,000 vinaleta 16,000, na wengi husimama hapo wakisema nyumba inajilipa. Haijilipi. Kuna mwezi chumba kinakaa kitupu, mpangaji mwingine analipa nusu, na bado hujampa mtunza ploti chochote. Ukipata kodi ya miezi kumi kwa mwaka, umekusanya 160,000 huku sacco ikidai 189,600. Pengo la karibu 30,000, kabla hujagusa matengenezo, linatoka kwenye mshahara. Kama mshahara wako tayari umefika mpaka wa theluthi mbili, usianze. Na kumbuka waliokudhamini: ukikwama, akiba ya mwenzako wa ofisini ndiyo itakayoliwa.

Kodi ya serikali kwa mapato ya kupangisha ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024; awali ilikuwa 10. Inamhusu anayepata zaidi ya 288,000 kwa mwaka hadi milioni 15, inatozwa juu ya kodi yote iliyokusanywa bila kutoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba sita vya 4,000 vikijaa mwaka mzima vinafika 288,000 kamili. Cha saba kinakuingiza. Aliye chini ya kiwango hicho hajasamehewa: anatangaza mapato hayo kwenye ritani ya mwaka pamoja na mshahara wake, ila huku anaweza kutoa gharama, riba ya mkopo ikiwemo.

Juma lijalo: mkataba, dipositi, na sheria inayokukataza kutia kufuli kwenye mlango wa mpangaji unayemdai.