Tundu Kwenye Sarafu (2): Riale Shingoni

Wiki iliyopita tuliishia kwenye tundu la kiwandani, lile la senti kumi za Afrika Mashariki. Kabla sijaliacha, kuna jambo moja. Tundu likikaa katikati, uso wa mfalme hukosa mahali. Hubaki taji na jina tu, na upande wa pili pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka. Ndiyo maana Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba 1936 kabla Uingereza haijatoa sarafu za matumizi kwa jina lake, alifika masokoni kwetu kwenye senti tano na senti kumi za mwaka huo. Hapakuwa na picha ya kusubiri. Wakusanyaji wa Ulaya huitafuta sana sarafu ya mfalme huyo, na bibi yako pengine aliinunulia chumvi.

Tundu la leo ni la mkono, na halikuamriwa na serikali yoyote. Mfano ninaoujua vizuri ni riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kifo chake iliendelea kufuliwa kwa tarehe hiyohiyo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Oman na mwambao wetu walikwishaizoea na hawakutaka nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na ushei, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha safi.

Uzito na madini hayo yasiyobadilika ndiyo yaliyoifikisha shingoni. Kidani cha kawaida ukikipeleka kuuza, sonara atakipima, atakisugua kwenye jiwe, kisha atakutajia bei anayoitaka yeye. Kidani cha riale hakina ubishi huo: mwenyewe anazihesabu. Kwa mwanamke wa Oman au Yemen, mahari na mapambo yalikuwa mali yake kisheria, si ya mume wala ya shemeji, na akiachwa anaondoka nayo. Nyumba isiyo na sanduku la chuma wala benki ya karibu ingeweka wapi akiba iliyo salama kuliko mwilini mwa mwenye mali? Shida ikizidi, moja inachomolewa na nyingine zinabaki. Kwamba sura ni ya malkia Mkristo wa nchi ya mbali, hilo halikuzuia wanawake wa Kiislamu kuivaa.

Ishike sarafu kama hiyo ukaitazame vizuri. Tundu likitobolewa kwa msumari na nyundo, fedha husukumwa upande wa pili na kuacha midomo iliyochanika. Pitisha kidole utaihisi. Keekee huacha duara safi. Kipete kilicholehemiwa ukingoni bila kutoboa kitu ni kazi ya sonara, na kazi hiyo ililipiwa. Matundu mawili yaliyokaribiana yanaonyesha ilishonewa kwenye nguo au ukaya. Halafu angalia sehemu ya juu ya tundu, inayoelekea ukingoni: ikiwa imelika na kurefuka kama chozi, basi mkufu ulivutana nayo miaka mingi.

Waingereza nao walitoboa sarafu na kuzivaa shingoni, ila sababu yao ilikuwa nyingine kabisa. Waliamini mkono wa mfalme unaponya kifua kikuu cha tezi za shingo, na mgonjwa aliyeguswa alivishwa kwa utepe sarafu ya dhahabu iliyotobolewa, yenye sura ya malaika Mikaeli. Charles II aligusa watu zaidi ya 90,000. Mtoto Samuel Johnson, ambaye baadaye alitunga kamusi maarufu ya Kiingereza, aliguswa na Malkia Anne mwaka 1712. Kipande alichovishwa kiko British Museum hadi leo. Wasomi hucheka hirizi za wenzao na kusahau hii.

Tuje kwa wakusanyaji. Kwenye minada, sarafu yenye tundu huwekwa daraja la chini na bei yake huporomoka. Kwa sarafu nyingi sina ubishi na desturi hiyo, nayo inamsaidia mtu wa kipato kidogo kupata kitu adimu. Ila kwa riale naiona imepinduka. Vienna bado wanaifua kwa tarehe ya 1780, na katika karne ya 20 ilifuliwa pia Roma, London, Bombay na kwingineko. Riale nzima inayong'aa huenda ilitoka mashineni juzi. Iliyolika juu ya tundu imeishi na watu, na mimi hiyo ndiyo ninayoilipia.

Kuna wanaotoboa riale mpya ili waiuze kwa watalii kama ya kale. Kingo za tundu jipya ni kali na fedha ya ndani inametameta. Na wapo wanaofanya kinyume: wanaziba tundu la zamani kwa fedha, kisha wanachonga upya herufi zilizopotea. Inamishe sarafu kwenye mwanga wa pembeni, uitazame kwa lenzi. Utaona mstari mwembamba wa mviringo, na mara nyingi rangi ya kiraka haifanani na ya jirani yake. Ukiuona mstari huo, usikubali kulipa bei ya sarafu nzima.

(Itaendelea)