Wakulima wa Kuvu Katika Vichuguu vya Kagunga

Vitabu vingi vya elimu ya viumbe husimulia habari za sisimizi wa Amerika ya Kusini, ambao hukata majani na kuyaoteshea kuvu iliyo chakula chao. Mwanafunzi wa Kagunga, kaskazini ya Gombe karibu na mpaka wa Burundi, hatawaona hata akivizunguka vilima vyote, kwani hupatikana katika mabara ya Amerika tu. Hata hivyo ziara yake haitakuwa bure. Barani Afrika kazi hiyo hufanywa na mchwa, ambao kwa nasaba si sisimizi bali ni jamaa wa mende. Walianza kilimo hicho yapata miaka milioni 30 iliyopita.

Mchwa wafanyakazi humeza vipande vya miti mikavu na nyasi pamoja na spora, yaani mbegu za kuvu iitwayo Termitomyces. Kinyesi chao hukirundika ndani ya kichuguu kikawa sega. Kuvu huota juu yake na kuvunjavunja lignini, kitu kigumu kilichomo katika miti. Kisha mchwa hula vinundu vyeupe vya kuvu, na mwishowe sega lililoiva. Msimu wa mvua, kuvu ileile huchomoza juu ya ardhi, nasi huichuma kama uyoga.

Je, kuvu hii yaweza kujitegemea? Mwalimu na atafute kichuguu kilichokwisha kubomolewa na wafyatua matofali, achukue vipande viwili vya sega vyenye unyevu. Kimoja akiweke chupani pamoja na mchwa wafanyakazi. Cha pili akiweke peke yake. Baada ya siku chache kipande cha pili kitavamiwa na kuvu nyingine, Xylaria, inayoota kama vijiti na kuisonga ile ya kwanza kama magugu yanavyosonga mahindi. Kile chenye mchwa hukawia kuvamiwa, kwa kuwa mchwa hupalilia.

Hadi leo binadamu hajafaulu kuupanda uyoga huu kwa wingi bila mchwa. Basi anayemwaga sumu katika kila kichuguu ili kuokoa nguzo na mazao, huangamiza pia uyoga, kumbikumbi, na chakula cha sokwe, ambao Jane Goodall aliwaona huko Gombe mwaka 1960 wakivua mchwa kwa vijiti. Kabla ya kumwaga sumu, yafaa tuulize: kichuguu hiki kimemdhuru nani?