Mshipa Upi? Vyama vya Kitaaluma na Majina ya Viungo vya Mwili

Kazi mojawapo kubwa iliyowahi kufanywa na chama cha wanaanatomia haikuwa ya kisu, bali ya istilahi. Chama kilichoasisiwa Ujerumani mwaka 1886 kiliwakuta wataalamu wa Ulaya wakitumia majina yapatayo 50,000, sehemu moja ya mwili ikiwa na majina kadhaa. Mwaka 1895, mjini Basel, kiliidhinisha orodha moja ya Kilatini yenye majina yasiyofikia 6,000. Ndipo mtafiti alipoweza kusoma matokeo ya mwenziwe bila kukisia.

Kwa upande wa Kiswahili, suala hili lingali bichi. Neno mshipa peke yake hubeba ateri, vena, neva na hata ukano. Tena wapo waitao ngiri na busha mshipa. Mchukuzi wa soko la Kariakoo anapolalamikia mshipa mbele ya daktari wa Muhimbili, pale jirani Upanga, daktari huyo aliyesomea anatomia kwa Kiingereza hana budi kuuliza: upi? Jibu likikosewa, na tiba hukosewa.

Isidhaniwe kwamba lugha yenyewe ni maskini. Ini, figo, nyongo, kongosho na kiwambo ni maneno yetu ya siku nyingi, na baadhi yake husikika buchani kila asubuhi. Tatizo ni kwamba huyu husema bandama na yule wengu, na hakuna aliyewaweka pamoja.

Vyombo vya lugha havikulala. BAKITA liliundwa mwaka 1967 na lina jukumu la kusanifu istilahi. TUKI nayo ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Lakini kamusi isiyoingia katika chumba cha kupasulia maiti hubaki rafuni. Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963, na hadi leo hufundishwa kwa Kiingereza.

Hapa ndipo chama cha wanaanatomia kinapohitajika, kwa kuwa mwanaisimu hawezi kumwamulia mpasuaji mpaka wa ukano na neva. Mlango uko wazi: orodha ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1998 ina Kilatini kama msingi, nacho chama cha kila nchi kina ruhusa ya kuifasiri kwa lugha yake kwa ajili ya kufundishia. Wanaanatomia wetu wakiketi na wanaisimu, kikao cha kwanza kingeweza kutosheka na neno moja tu, mshipa, na wauguzi wakaalikwa, maana wao ndio hulisikia kila siku.