Povu Linalobeba Madini

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama ile ya wilayani Songwe, zebaki inayotumika kunasa dhahabu mara nyingine hugoma kuungana. Badala ya kuwa tone moja linaloteleza ndani ya karai, huvunjikavunjika kuwa vijitone vya kijivu visivyong'aa. Vikigusana, haviungani. Maji huvizoa pamoja na dhahabu iliyonaswa humo, vikaishia kwenye marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, na mvua ikinyesha vikafika mtoni.

Kisa ni chembe. Udongo wa mfinyanzi, oksidi za chuma na salfaidi hung'ang'ania uso wa kila kijitone hadi kuuvika gamba.

Mwingereza Walter Ramsden alieleza mwaka 1903 jinsi chembe zinavyojikusanya kwenye uso wa kimiminika na kujenga utando mgumu; mwaka 1907 Spencer Pickering akaonyesha kuwa chembe hizo huzuia matone ya mafuta kuungana ndani ya maji. Zikishatua hapo, hazitoki kirahisi. Kuing'oa chembe yenye kipenyo cha maikromita 1, iliyozama nusu majini na nusu ikiwa hewani, kunahitaji nishati inayozidi ile ya mtikisiko wa joto kwa zaidi ya mara milioni 10.

Tawi la sayansi linalopima ugumu na mtiririko wa tando hizo ni reolojia ya uso. Chembe zikiwa chache, uso hutiririka kama kawaida. Zikikaribia kufunika asilimia 84 ya eneo, hukwama zote kwa pamoja, kama malori kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma: hakuna lililoharibika, ila hakuna linalosogea. Utando huo ukibanwa hukunjamana, na hautiririki tena mpaka usukumwe kwa nguvu ya kutosha.

Gamba linalomtia hasara mchimbaji anayetumia zebaki ndilo linalotafutwa kwenye mradi wa madini wa Ngualla, katika wilaya hiyohiyo ya Songwe. Akiba ya hapo imekadiriwa kuwa tani milioni 18.5 za mawe yenye wastani wa asilimia 4.8 ya oksidi za madini adimu, yakiwemo neodimiamu na praseodimiamu yanayotengenezea sumaku za mota za magari ya umeme. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023 kwa Mamba Minerals, kampuni ambayo Serikali ina hisa asilimia 16. Mpango ni kusaga mawe, kisha kuyaelesha kwa povu: kemikali huifanya bastnasaiti, inayobeba madini hayo adimu, ikwepe maji na kushikamana na viputo vya hewa, huku sehemu kubwa ya bariti na oksidi za chuma ikitengwa.

Hapo ndipo kipimo kinapohitajika. Viputo vyenye chembe chache hupasuka mapema na kuangusha madini. Vikifunikwa kupita kiasi, povu hukakamaa, haliteremki kwenye mfereji wa kukusanyia, na hukamata tope lisilotakiwa. Mhandisi hucheza na kiwango cha hewa, kina cha povu, usagaji na kemikali za kutawanya tope, mpaka povu libebe mzigo wake na bado litiririke.

Kwa mchimbaji wa mwaloni, kazi ni kinyume chake: kuosha udongo kwanza, na kutoweka zebaki ndani ya kinu kinachosaga mawe, kwa kuwa huko ndiko inakosagwa pamoja na chembe na kuvikwa gamba.