Habari za wenzetu wa chuo, na michango ya Desemba

Kundi letu la chuo lina habari tele mwezi huu. Mmoja kajifungua mapacha Morogoro, mwingine kapandishwa cheo halmashauri, wawili wanafunga ndoa Desemba. Tunafurahi jamani. Ila kila habari inakuja na kadi ya mchango, na sisi tulioko Durban tunaambiwa, "Wewe si uko Sauzi bwana!"

Mwenzetu mmoja ana digrii kama sisi, anabeba zege Umhlanga. Aliahidi randi 1,500 asionekane kashindwa maisha, kodi ya chumba ikamshinda. Kajitoa kundini kimyakimya, na hiyo imetuuma.

Ndugu zetu, ahidi kwa kipato chako, si kwa jina la nchi uliyopo. Halafu usitume vipande vipande. Kwa miaka mingi takwimu za Benki ya Dunia zimeionyesha Afrika Kusini kuwa ghali kuliko nchi zote za G20 kutumia watu fedha nje. Tuseme ada ni randi 50 kila unapotuma: ukituma 200 mara tano, 250 zimebaki njiani. Ukituma 1,000 kwa mkupuo, ni 50 tu. Kama ada ni ya asilimia, hapo angalia zaidi bei wanayobadilishia randi. Wengine wanakula hukohuko.

Sisi wanne wa hapa sasa tunakusanya pamoja, anatuma mmoja, mweka hazina wa kundi aliyeko Dar anarudisha risiti. Yule wa Umhlanga tulimpigia Jumapili. Atatoa randi 100, na kadi itaandikwa majina yetu yote matano.