Je, Wajua? Wataalamu wa Misafara ya Bagamoyo

Je, wajua kwamba Henry Morton Stanley alifika Unguja Januari 1871 akiwa amesoma vitabu vya wasafiri waliomtangulia, na bado hakujua anunue nguo kiasi gani, zilizotumika kama fedha njiani, za kumfikisha kwa mvumbuzi David Livingstone? Johari, mkalimani wa ubalozi mdogo wa Marekani, alimpeleka kwa Sheikh Hashid, tajiri mwenye ndevu za mvi aliyezoea kupeleka misafara bara. Hapo ndipo alipopata hesabu: watu 100 hula chakula cha doti kumi kwa siku, yaani yadi 40 za nguo. Stanley aliandika kwamba mzee huyo alimfaa kuliko miezi mitatu ya vitabu.

Somo gumu lilikuwa shanga, nazo zikiwa fedha ya njiani. Nyeusi zilikubalika Ugogo, lakini kwa makabila mengine hazikuwa na thamani. Ukikosea rangi, mpagazi amebeba mzigo wa bure kwa miezi.

Je, wajua kwamba Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa askari wa msafara wa Stanley, alilipwa dola 80 kwa mwaka, nusu yake ikiwa arbuni, huku wakongwe wenzake watano wakipata 40? Alikuwa ameshakwenda bara na wavumbuzi Burton na Speke mwaka 1857, kisha na Speke na Grant mwaka 1860. Baadaye, mwaka 1873, alitoka Bagamoyo na Verney Lovett Cameron, wakatokea pwani ya Angola mwaka 1875. Stanley alimlalamikia sana njiani, lakini mwajiri gani wa safari ndefu hakulalamika?

Wapagazi, Stanley alitafutiwa Bagamoyo na kijana wa Kihindi, Sewa Haji Paroo. Bili ilikuja dola 1,400. Stanley aliichambua kifungu kwa kifungu, akalipa 738. Kijana huyo baadaye akawa wakala mkubwa wa misafara na kugharimia shule mjini humo. Jina lake liko katika Hospitali ya Muhimbili hadi leo.

Na je, wajua kwamba Chuma, aliyekuwa miongoni mwa walioufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo Februari 1874, aliajiriwa mwaka 1879 kuongoza msafara wa mwanajiografia Keith Johnston? Johnston alifariki mapema, huko Behobeho. Msaidizi wake, Joseph Thomson, alikuwa na miaka 21 tu. Akiwa na Chuma alifika Ziwa Nyasa na Tanganyika, akarudi pwani mwaka 1880.