Bastola ikilia 'ka!' risasi isitoke: usiichungulie, na mafuta yaache kwanza

Chukulia una bastola yenye leseni. Wewe ni mfanyabiashara, unapanda boti kati ya Kigoma na Kagunga, mawimbi ya Ziwa Tanganyika yanarusha maji na mfuko wa kiunoni unalowa. Wiki inayofuata uko uwanja wa shabaha. Unalenga, unabonyeza kifyatulio. "Ka!" Kimya. Risasi haijatoka.

Hapo wengi hufanya mambo mawili. Kwanza wanaigeuza bastola kuichungulia. Halafu jioni, nyumbani, wanaimwagia mafuta. La kwanza linaweza kukuua. La pili mara nyingi ndilo lililoleta tatizo lenyewe.

Tuanze na hilo la kuua.

Kwenye kitako cha risasi, katikati, kuna kidude kidogo cha duara. Hiyo ni fataki. Ukibonyeza kifyatulio, pini iliyo ndani ya bastola inaruka mbele na kuigonga. Kemikali ndani ya fataki hulipuka kwa kugongwa, moto unaingia kwenye baruti, kichwa cha risasi kinatoka. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Lakini mara chache moto huchelewa. Fataki imegongwa, imewaka kidogo, baruti bado haijashika, kisha ghafla inashika. Ndiyo maana ukisikia "ka!" unabaki na mtutu umeelekea kwenye shabaha, kidole nje ya kifyatulio, na unahesabu angalau sekunde 30. Wakufunzi wengine wanataka dakika nzima, na mimi niko upande wao. Dakika moja haina gharama. Baada ya hapo toa magazini, vuta slaidi nyuma, acha risasi idondoke, kisha hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu.

(Askari aliye kwenye mapambano hufundishwa kutoa risasi hiyo haraka na kuendelea. Wewe uko mazoezini, hukimbizwi na mtu.)

Na kama badala ya "ka!" umesikia mlio hafifu, kama "puf", acha kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka mkononi.

Sasa okota ile risasi iliyogoma. Usiitupe, usiirudishe kwenye magazini. Itazame kitako. Jibu la swali lako mara nyingi liko hapo.

Ukiona fataki ina shimo zuri la kina, katikati kabisa, bastola imefanya kazi yake. Mwenye kosa ni risasi: fataki mbovu, au imeingia unyevu. Jaribu risasi za boksi jingine, zilizo mpya, za kiwanda. Zikitoka zote bila shida, umemaliza.

Ukiona alama ndogo, kama mtu kagusa kwa ncha ya kalamu, hapo pini imegonga kwa unyonge, na ndilo tatizo letu leo.

Sababu kubwa ni uchafu, na hapa ndipo watu wa ziwani tunajidanganya. Hewa yetu ina unyevu, chuma kinashika kutu, kwa hiyo tunapaka mafuta. Sawa. Shida ni kupaka mengi, mpaka yanaingia kwenye ule mfereji mwembamba ambamo pini inapita. Humo mafuta yanakutana na masizi ya baruti, vumbi na nyuzi za nguo, yanageuka uji mzito. Pini badala ya kuruka inatembea kwenye matope. Glock, kwa mfano, kwenye kitabu chake cha maelekezo inakataza kuweka mafuta kwenye mfereji huo. Unatakiwa uwe mkavu. Isitoshe, mafuta mepesi yanayopenya yanaweza kuingia hadi kwenye fataki ya risasi iliyokaa chemba muda mrefu, na sasa una matatizo mawili.

Sababu ya pili ni springi. Springi inayosukuma pini au nyundo huchoka kwa miaka. Au mtu aliibadilisha akaweka laini zaidi ili kifyatulio kiwe chepesi. Raha ya kidole, lakini nguvu ya kugonga imepungua, na fataki nyingine, hasa za risasi za kijeshi, ni ngumu kidogo. Muulize aliyekuuzia kama kuna kilichobadilishwa ndani.

Kuna pia slaidi ambayo haikufunga hadi mwisho kwa sababu chemba ni chafu au springi yake imechoka. Sehemu ya nguvu ya nyundo inaishia kuisukuma slaidi ifunge, na kinachobaki hakitoshi kuwasha fataki.

Mtego mmoja: risasi iliyogoma mara ya kwanza, ikakubali mara ya pili. Watu hufurahi, "kumbe nzima!" Inawezekana fataki haikukaa vizuri kwenye kitako tangu kiwandani. Pigo la kwanza limeisukuma mahali pake, la pili limeiwasha. Basi kosa ni la risasi, springi usiiguse.

Na kama hakuna alama yoyote? Pini inaweza kuwa imevunjika ncha. Hiyo si kazi ya mezani kwako.

Kuhusu risasi zilizolowa, historia yetu ina kisa. Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, ilifukuzwa na Waingereza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaishia kuzama humo na shehena ya silaha. Wajerumani walizopoa risasi majini, wakazifungua, wakakausha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Hata hivyo nyingi ziligoma vitani. Bunduki zilikuwa zinagonga vizuri tu. Maji yalikuwa yameshafanya kazi yake. Kwa hiyo usianike risasi juani wala kuzikausha jikoni karibu na moto. Zilizolowa zipeleke polisi.

Usafi wa kawaida, yaani mtutu, chemba na reli za slaidi, unaweza kuufanya mwenyewe kwa kufuata kitabu cha bastola yako. Kumbuka tu kwamba Glock na nyingine kadhaa zinakutaka ubonyeze kifyatulio kabla ya kuivua slaidi. Magazini nje, chemba itazame mara 2, ndipo ubonyeze.

Pini na springi ni kazi ya fundi mwenye leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia matengenezo ya silaha pia, hivyo fundi wa mtaani anayechomelea baiskeli, hata awe hodari vipi, hapaswi kuishika. Kutoka Kagunga maana yake ni boti hadi Kigoma, kuuliza polisi nani anaruhusiwa, na pengine safari ndefu zaidi. Ukienda, beba na ile risasi iliyogoma, kwenye bahasha yake peke yake. Akiona alama kwenye fataki, fundi atajua aanzie wapi.